Fuso moja ya mchanga ni mita ngapi za ujazo?

Swali: Nataka kumwaga zege uani, mita 8 kwa 6, unene wa sentimita 10. Muuza mchanga anahesabu kwa Fuso, muuza kokoto kwa tani. Niagize kiasi gani? (Msomaji wa Himbi, Goma)

Jibu: Ndugu msomaji, usinunue kwa jina la lori, kwani mabodi hayalingani. Kabla mchanga haujamwagwa, lundo lisawazishwe kwa sepeto, kisha pima ndani ya bodi: urefu, upana, na kina cha mchanga wenyewe, si kimo cha mbao. Bodi la mita 3.6 kwa 2 lenye mchanga wa sentimita 50 limebeba mita za ujazo 3.6.

Hesabu ya ua ni 8 × 6 × 0.10, yaani mita za ujazo 4.8. Ongeza asilimia 10 ya kupotea: 5.3. Vifaa vikichanganywa ujazo wake hupungua, kwa sababu mchanga na simenti huingia katika nafasi za kokoto. Kwa hiyo zidisha kwa 1.54 upate vifaa vikavu: 8.16. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani simenti sehemu moja, mchanga mbili na kokoto nne, gawanya kwa 7. Utahitaji mifuko 34 ya simenti ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 2.33 na kokoto 4.66.

Hapo ndipo wengi hupunjika: huo 2.33 ni mchanga mkavu. Mchanga wenye unyevu kidogo huvimba, na ule laini unaweza kuzidi robo nzima. Jaza ndoo kwa mchanga ulioletwa bila kuushindilia, usawazishe, upime kina chake. Utoe wote, tia maji hadi nusu ya ndoo, kisha urudishe mchanga polepole ukikoroga. Ukishuka kutoka sentimita 30 hadi 24, umevimba kwa asilimia 25. Agiza basi mita 2.9, si 2.33. Ukipuuza hili na ukapima kwa ndoo, zege litakuwa na upungufu wa mchanga na litajaa matundu.

Kokoto za tani zigawe kwa uzito wa aina yake. Jiwe zito la lava lililopondwa huwa karibu tani 1.5 kwa mita ya ujazo, hivyo mita 4.66 ni tani 7. Zile nyepesi zenye vitundu zinaweza kuwa chini ya tani 1. Utapata mita nyingi zaidi kwa tani ileile, lakini zege lake ni dhaifu kwa sakafu itakayopita magari.

Tena, chini ya Goma ni lava, haiko sawa. Vuta uzi juu ya ua, pima kina katika sehemu tisa, chukua wastani. Wastani ukiwa sentimita 13 badala ya 10, vifaa vyote vimepanda kwa asilimia 30. Ni nafuu kujaza mashimo kwanza kwa changarawe na kushindilia.

Swali: Chukudu (kigari cha mbao cha kusukumwa) inaniletea udongo wa bustani kwa mifuko mitupu ya simenti. Bustani yangu ni mita za mraba 12, kina sentimita 25. Mifuko mingapi? (Mama wa Ndosho)

Jibu: Mama, 12 × 0.25 ni mita za ujazo 3. Udongo hushuka baada ya mvua, hivyo ongeza asilimia 20: 3.6, yaani lita 3,600. Mfuko uliojazwa vizuri hubeba karibu lita 35, agiza 103. Pima mmoja kwa ndoo ya lita 20 mbele ya mleta udongo, mkubaliane kiwango hicho kabla ya safari ya kwanza.

Swali: Kikokotoo cha simu kinanipa yadi za ujazo 10. Ni mita 10? (Msomaji wa Bukavu)

Jibu: Hapana, ni 7.65. Zidisha yadi za ujazo kwa 0.765. Kosa la kawaida ni kuzidisha kwa 0.914, ambayo ni ya urefu tu.