Mysterium: kucheza mzimu bila kuwapoteza waaguzi

Ukitaka kuuharibu mapema mchezo wa mezani wa Mysterium, mpe nafasi ya mzimu mtu asiyeweza kukaa kimya. Mchezo mzima umesimama juu ya ukimya wa mtu mmoja. Yeye ni mzimu wa aliyeuawa. Wengine ni waaguzi waliokusanyika kwenye jumba moja huko Uskoti, miaka ya 1920, wamsikilize. Mzimu anajua nani, wapi na kwa kifaa gani, ila hasemi, haandiki, wala haonyeshi kwa kidole. Kazi yake ni kugawa kadi zenye picha za ndoto, na waaguzi wanazifasiri. Hakuna anayemshinda mwenzake: meza nzima inashinda, au meza nzima inalala.

Toleo tunalolizungumzia ni la kampuni ya michezo ya Libellud ya Ufaransa, la mwaka 2015, kazi ya Oleksandr Nevskiy na Oleg Sidorenko. Kuna la Poland lililotangulia, la 2013, lenye sheria tofauti kidogo, kwa hiyo ukisoma maelezo kwingine angalia kwanza wanaongelea lipi. Kwa meza ya Kiswahili mchezo huu una faida kubwa: kadi hazina maneno. Mmoja akishasoma kijitabu cha sheria na kuwaeleza wenzake, kazi ya lugha imekwisha. Wanacheza watu 2 hadi 7, wenye umri wa miaka 10 na kuendelea. Boksi linasema dakika 42, lakini kukiwa na wageni mezani tenga saa moja na nusu, maana kupanga na kueleza navyo vina muda wake.

Kupanga meza

Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa, na hugundulika mchezo umeshafika katikati. Kuna kadi 54 za waaguzi: watu 18, mahali 18 na vifaa 18. Kila moja ina pacha wake kwenye kadi 54 za mzimu, na mapacha hutambulika kwa namba. Weka mezani watu, mahali na vifaa kwa idadi iliyo kwenye jedwali la kijitabu. Inapanda kulingana na wachezaji na ugumu mliouchagua, na siku zote huzidi idadi ya waaguzi, kwa sababu kadi za ziada ni za kupoteza mwelekeo.

Kisha mzimu anachukua mapacha wa kadi zilizopo mezani tu, anazichanganya kila aina peke yake, na kwa siri anampangia kila mwaguzi mtu mmoja, mahali pamoja na kifaa kimoja, yaani mshukiwa wake; muuaji huchaguliwa kati ya washukiwa hao mwishoni. Anazichomeka kwenye mifuko ya pazia la kadibodi linalosimama mbele yake, chini ya rangi ya mwaguzi husika. Zinazobaki hurudi kwenye boksi bila mtu kuziona. Kabla ya kuanza, mzimu apitishe macho: kila namba iliyo kwenye pazia ipo mezani? Pacha mmoja akikosekana, mwaguzi fulani atatafuta kitu kisichokuwepo hadi mwisho, na hakuna atakayeelewa kwa nini.

Jambo jingine ni mwanga. Picha nyingi zina giza na vitu vidogo vidogo pembeni, na mara nyingi hicho kidogo ndicho alichokikusudia mzimu. Kandili inaleta hisia za mizimu kweli, lakini kwa mchezo huu washa taa.

Hesabu ya raundi saba

Mchezo una raundi saba tu. Kila mwaguzi lazima ampate mtu wake, halafu mahali pake, halafu kifaa chake, kwa mpangilio huo na hatua moja kwa raundi. Saba toa tatu ni nne: kila mwaguzi ana nafasi nne za kukosea, basi. Mmoja akibaki nyuma raundi ya saba ikiisha, wote mmeshindwa, hata kama waliobaki walimaliza zamani.

Kwa hiyo mwisho wa raundi ya nne angalia nani bado hajampata mtu wake. Huyo sasa anatakiwa apatie mara tatu mfululizo. Mzimu anapaswa kumwekea kadi zake nzuri kuliko wote, na waaguzi wenzake wamsaidie kabla ya kufikiria pointi zao za kura, tutakazozieleza chini.

Raundi yenyewe ni nyepesi. Mzimu anashika kadi saba za ndoto. Anampa mwaguzi mmoja kadi moja au zaidi, anavuta nyingine hadi zirudi saba, ndipo anaenda kwa mwingine. Wote wakishapata, saa ya mchanga ya dakika mbili inageuzwa. Kila mwaguzi anaweka kete yake juu ya kadi anayoihisi, na mzimu anatoa jibu, mmoja baada ya mwingine. Aliyepatia anachukua kadi hiyo, anarudisha ndoto zake zote na kusogea hatua inayofuata. Aliyekosea anabaki na ndoto zake, na raundi ijayo anaongezewa.

Ukiwa mzimu

Kosa la kwanza la mzimu mgeni ni kusubiri kadi inayofanana kabisa. Haiji. Kuna kadi 84 za ndoto, na hakuna hata moja iliyochorwa kwa ajili ya mpishi au bafu la jumba lile. Unatafuta kipande: rangi, umbo, idadi ya vitu, hali ya hewa, kitu kilichoshikwa mkononi. Waaguzi wengi huanza na rangi wapende wasipende, kwa hiyo kadi nyekundu ukimpa mtu ambaye mahali pake ni pa kijani, jua umempotosha hata kama ndani yake kuna ua kama la bustanini.

Kosa la pili ni kubwa zaidi: kulinganisha ndoto na kadi moja tu, ile unayotaka ipatikane. Linganisha na zote zilizopo mezani. Tuseme mahali pa mwaguzi wa zambarau ni maktaba, na wewe unayo ndoto ya ngazi ndefu ya mbao. Inafaa, maktaba ina ngazi. Lakini mezani pia kuna ukumbi wenye ngazi kubwa katikati. Utakuwa umempeleka ukumbini kwa mkono wako mwenyewe. Afadhali ndoto dhaifu ya karatasi zinazopepea, kwa sababu ukumbini hakuna karatasi. Jiulize hivi: kipi kipo kwenye hii na hakipo kwenye zile nyingine?

Kuhusu idadi, kadi moja yenye nguvu inatosha. Mbili ni nzuri zikishirikiana jambo moja, mfano zote zina maji. Ukitoa nne zisizo na uhusiano, mwaguzi atapata maana kumi na atachagua isiyo yako. Hata hivyo usizibane kadi mbovu mkononi raundi nzima, maana zitakuziba. Anza na wale ambao kadi zao unazo tayari. Kila ukitoa unavuta mpya, na huenda ya yule mgumu ikaja katikati. Pia una kunguru, alama unayoitumia kwa idadi maalumu ya mara, anayekuruhusu kutupa ndoto zozote mkononi na kuvuta nyingine. Kwenye kiwango chepesi unamtumia mara moja kila raundi, wastani mara tatu mchezo mzima, kigumu mara moja tu. Mkicheza chepesi mtumie kila raundi bila aibu.

Mwaguzi akikosea, sikiliza alivyojieleza. Kama alichagua baharia kwa sababu ya mashua, raundi ijayo usimpe kitu chochote chenye maji. Kumbuka bado ana zile ndoto za mwanzo mbele yake, na atazisoma zote kwa pamoja. Kadi mpya kazi yake ni kumwonyesha kipi cha kukizingatia kwenye ya zamani.

Halafu uso. Kuguna, kushusha pumzi, kutazama kadi sahihi muda mrefu, vyote hivyo ni kusema. Wengine hujibu kwa kugonga meza, mara moja ndiyo, mara mbili hapana, na inasaidia sana kwa mzimu ambaye mdomo unamwasha.

Ukiwa mwaguzi

Fikiri kwa sauti. Sheria zinaruhusu waaguzi kujadiliana wanavyotaka, na mzimu anasikia kila kitu. Mnamfundisha namna mnavyosoma picha. Mwaguzi anayekaa kimya na kuweka kete yake bila neno anamnyima mzimu habari anayoihitaji zaidi.

Angalia pia kilichobaki. Kadi iliyochukuliwa na mwenzako haiwezi kuwa yako, hivyo anayechelewa ana machaguo machache zaidi. Wawili mkiweka kete juu ya kadi moja, inaruhusiwa, lakini angalau mmoja wenu amekosea.

Kuanzia watu wanne mnatumia kete za kura, za ndiyo na za hapana, kuonyesha kama mnaona mwenzenu amepatia au amekosea. Mkiwa wanne au watano kila mmoja ana nne. Mkiwa sita au saba, sita. Kila kura sahihi inakupandisha kwenye ngazi ya uaguzi, yaani ubao wa kuhesabia pointi za kila mwaguzi. Watu huzibana kete hizi kama akiba ya uzeeni, wakati raundi ya nne zote hurudi mikononi. Zimalize katika raundi tatu za mwanzo. Na usiidharau kura ya hapana: mwanzoni, mzimu na waaguzi wakiwa bado hawajazoeana, watu hukosea mno.

Kuna ugonjwa mmoja wa michezo ya kushirikiana, nao ni yule mjuaji anayewaamulia wote. Dawa yake ni sheria ndogo ya meza: mshauri mwenzako unavyotaka, lakini kete inashikwa na mwenye rangi peke yake. Saa ya mchanga nayo itamkata maneno. Wageni wakiomba kuiacha, waachieni raundi moja tu.

Kura ya mwisho

Wote wakimaliza kwa wakati, mezani panakuwa na mafungu, kila moja likiwa na mtu, mahali na kifaa. Mzimu anachagua kwa siri fungu moja kuwa ndilo la muuaji, kisha anatoa ndoto tatu: moja ya mtu, moja ya mahali, moja ya kifaa. Zinachanganywa na kufunuliwa moja moja, bila kusema ipi ni ya nini.

Ngazi ya uaguzi inalipa hapa. Walio chini wanapiga kura baada ya kuona ndoto moja tu, wa kati baada ya mbili, na wa juu wanaona zote tatu. Fungu lenye kura nyingi likiwa ndilo, mmeshinda.

Mzimu asichague muuaji kwanza kisha atafute kadi. Afanye kinyume: atazame kadi saba alizonazo, aone ni fungu gani linalohudumiwa vizuri zaidi, halafu ndipo achague. Kila ndoto lazima ijitegemee, kwa sababu haijulikani ipi itafunuliwa kwanza, na kuna watu watakaoamua kwa hiyo moja tu. Kama mafungu mawili yana bustani, achana na ndoto ya mimea hata ikiwa nzuri namna gani. Kwenye kiwango kigumu, yule kunguru mmoja mwekee akiba hatua hii ikiwa unaweza.

Mkiwa wawili au watatu, kete za kura hazitumiki na ngazi ya uaguzi haipo. Mchezo unakuwa mtulivu na mwepesi zaidi, unaofaa kujifunzia kabla ya kualika watu.