Rangi ya Kumwaga Inapasuka Ikikauka

SWALI: Shikamoo mwalimu. Namwaga rangi ya akriliki kwenye kanvasi, nikiwa nimeichanganya na gundi nyeupe ya mbao na maji. Ikiwa mbichi inavutia, lakini nikiianika juani inapasuka kama tope la bwawa. Na vile vijicho vya duara ninavyoviona kwenye kazi za wenzangu sivipati. Nibadilishe nini? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza itoe juani. Ngozi ya juu inakauka wakati rangi ya chini bado mbichi, na hiyo ya chini inaponywea huivuta ngozi mpaka ichanike. Niliharibu vipande vitatu vya plaiwudi kabla sijaligundua hilo: nyufa zote zilikuwa pale rangi ilipotuama, penye rangi nyembamba hapakuwa na hata ufa mmoja. Siku hizi naiacha rangi ya ziada ichuruzike, kisha nalaza kazi ndani, kwenye meza niliyoisawazisha kwa pimamaji.

Maji nayo usiyazidishe, yanadhoofisha kile kinachoishika rangi. Mimi napima kwa mizani ya jikoni: gundi gramu 60, rangi gramu 30, halafu maji kijiko kwa kijiko huku nakoroga polepole nisitie mapovu. Inua kijiti. Rangi inayodondoka ijikusanye kama kichuguu kidogo, uhesabu moja, mbili, ndipo kizame. Kikizama papo hapo, maji yamezidi.

Kuhusu vijicho, wengi hukimbilia mafuta ya silikoni. Mimi nakusihi uanze na uzito wa rangi zenyewe. Nyeupe ya titani ni nzito kuliko nyeusi ya kaboni. Ukiimwaga juu ya nyeusi, nyeupe inazama na nyeusi inapenya kuja juu, na hapo ndipo vijicho vinapotokea. Mchoraji wa Meksiko, David Alfaro Siqueiros, alifanya majaribio ya namna hii New York mwaka 1936, na inasisimua kuona bado yanafanya kazi mezani kwako. Silikoni ukiitumia, iwe tone moja au mawili kwa kikombe, na mchoro ukishakauka uyafute mafuta yote, la sivyo vanishi haitashika.

Majaribio yafanyie kwenye vigae vilivyobaki kwa fundi. Badilisha kitu kimoja tu kila mara na uandike vipimo nyuma ya kigae.

Hiyo gundi ya mbao iwe ya mazoezi. Nyingi hulainika zikipata unyevu, na unyevu wa Tanga unaujua. Kazi ya mteja ichanganyie midia ya akriliki, yaani kimiminika maalumu cha kuchanganyia rangi hiyo, hata kama itabidi udunduize miezi miwili kuinunua.