Maswali ya Wasomaji: Mvua Imenyesha, Kisima Hakijapanda

Maswali ya mwezi huu yanatoka Dodoma, Kongwa, Kondoa na Bahi. Yote yanahusu mambo ambayo watafiti wa vyuo vikuu wameyafanyia kazi.

Mvua za msimu uliopita zilituridhisha hapa Veyula, lakini maji ya kisima chetu cha pampu hayajapanda. Fundi anasema tuongeze kina. Tumsikilize? (Mwenyekiti wa kamati ya maji)

Mwenyekiti, msikimbilie kumlipa fundi. Mvua ya kukomaza mahindi si lazima iwe mvua ya kujaza maji ya ardhini, na ushahidi wa jambo hilo umetoka jirani kabisa na kwenu. Kina cha maji katika visima vya Makutupora, vinavyoinywesha Dodoma, kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950. Watafiti wa University College London pamoja na wataalamu wa maji wa Tanzania walilinganisha kumbukumbu za miaka 55 na takwimu za mvua, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Walichokiona ni kwamba maji hayapandi kila msimu. Hushuka taratibu kwa miaka kadhaa, kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kawaida, kama ule wa El Niño wa 1997/98, yanapanda kwa mkupuo.

Mvua yetu ya kawaida hulowesha udongo wa juu tu. Mimea inakunywa, kinachobaki kinachukuliwa na jua. Ili maji yapite chini ya mizizi, lazima mvua kubwa zifuatane, makorongo yatiririke na mchanga wake unyonye.

Kabla ya kuamua lolote, pimeni. Chukueni tepu ya mita, ifungieni kipande cha chuma mwishoni, pakeni chaki kwenye mita moja ya mwisho, kisha isafisheni kwa maji ya klorini sehemu iliyobaki na mshushe. Mahali chaki ilipolowa ndipo maji yalipo. Fanyeni alfajiri kabla pampu haijawashwa, maana kipimo cha jioni hupima uchovu wa kisima. Rudieni kila mwezi, muandike daftarini pamoja na tarehe. Kama kisima kina pampu ya kuzamishwa, mwambieni fundi ateremshe bomba jembamba la inchi moja pembeni, la sivyo tepu itajisokota kwenye waya.

Kiwango cha alfajiri kikiwa kinashuka mwaka hadi mwaka, punguzeni saa za kusukuma maji mkisubiri msimu mkubwa. Kikiwa palepale lakini maji yanakata baada ya muda mfupi wa kusukuma, basi tatizo ni chujio lililoziba au pampu iliyochoka, na kuongeza kina ni kutupa hela.

Nilinunua mifuko ya PICS, nikahifadhi mahindi na karanga. Wadudu sikuwaona, lakini nilipofungua nikakuta ukungu. Nimeuziwa mifuko feki? Na je, nikikaanga karanga hizo sumukuvu (sumu inayotolewa na kuvu) itakufa? (Mama mkulima, Kongwa)

Mama, mifuko yako ilifanya kazi iliyotengenezewa. Teknolojia hii ilibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, wakianzia kwenye kunde za Cameroon. Ina mifuko miwili ya plastiki ndani na mmoja wa kufumwa nje. Wadudu waliomo humaliza hewa ya oksijeni, wanaacha kula na kuzaliana, wanakufa. Haikaushi nafaka. Unyevu ulioingia nao unabaki humo humo.

Kwa hiyo kosa liko kabla ya kufunga. Mahindi yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5, karanga zilizobanguliwa zisizidi kama 7. Usipokuwa na kipima unyevu, tumia chumvi: kausha chumvi juani mpaka isishikane, tia vijiko viwili au vitatu kwenye chupa kavu ya kioo, ongeza mahindi hadi theluthi ya chupa, funika, tikisa dakika moja au mbili, iache robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Wengi hukosea hapa: chumvi isipoganda, wanashona magunia siku hiyo hiyo. Kipimo hiki hakioni tofauti kati ya 13.5 na 15, hivyo rudisha mahindi juani, kwenye turubai na si kwenye udongo, kisha ndipo ufunge. Mfuko wa ndani usokote shingo, ukunje, ufunge kwa kamba. Wa pili vivyo hivyo. Halafu wa nje.

Kwenye karanga kuna jambo lingine tunaloomba liachwe kabisa: kunyunyizia maji maganda ili yalainike wakati wa kubangua. Vidole vinapona, lakini punje iliyokwisha kukauka inaloweshwa upya na kuvu inaamka.

Kukaanga hakuiondoi sumukuvu. Inastahimili joto la jikoni. Moto hupunguza kiasi tu, na kuchemsha ugali hakuifikii. Dawa ya nyumbani ni mikono: chagua, utupe punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zenye ukungu, kwa sababu sumu kubwa huwa imejaa kwenye punje chache. Kukoboa mahindi nako kunasaidia, ila pumba hizo usimpe ng'ombe wa maziwa, sumu itarudi mezani kupitia maziwa. Punje nzuri kwa macho inaweza nayo kuwa na sumu, kwa hiyo gunia lenye ukungu mwingi usilichambue, lifukie. Hatutishi bure. Mwaka 2016 sumukuvu iliwafanya watu 68 waugue katika mikoa ya Dodoma na Manyara, 20 wakafariki.

Kinga huanzia shambani. Aflasafe, iliyosajiliwa nchini mwaka 2018, ni mtama uliopakwa kuvu wa jamii ile ile asiyetoa sumu, ili awahi nafasi ya yule mbaya. Kilo 4 kwa ekari, wiki mbili hadi tatu kabla mahindi hayajachanua, udongo ukiwa na unyevu. Palilia kwanza. Ukipalilia baadaye unaifukia, na ukiimwaga kwenye vumbi kavu kuvu haoti.

Wageni wengine wanaokuja Kolo kutazama michoro ya miambani huimwagia maji ili itokee vizuri kwenye picha. Kuna ubaya? Na mbona hatuambiwi umri wake kamili? (Mwanafunzi, Kondoa)

Ubaya upo. Maji huyeyusha chumvi za ndani ya jiwe, zikikauka zinajikusanya juu na kubandua rangi. Mwenye kutaka picha kali atumie programu ya DStretch, iliyotengenezwa kwa michoro ya miambani. Inakuza tofauti za rangi ndani ya picha bila kugusa mwamba. Kuhusu umri, rangi nyekundu ni udongo wenye chuma, hauna kaboni ya kupimwa maabara. Anayekutajia mwaka kamili wa mchoro mwekundu anakisia.

Ninang'oa kiduha (gugu linalonyonya mizizi) kila mwaka kwenye mtama na kila mwaka kinarudi. (Mkulima, Bahi)

Unakiona kikichanua, lakini kilianza kunyonya mizizi wiki nyingi kabla hakijatokeza. Kung'oa sasa hakuokoi mavuno ya mwaka huu. Kunazuia mbegu za miaka ijayo, nazo hukaa ardhini zaidi ya miaka 10. Kwa hiyo ng'oa kabla hakijachanua, na kilichokwisha chanua kichome.

Mbegu ya kiduha huota pale tu inapohisi kemikali inayotolewa na mzizi wa mtama. Gebisa Ejeta wa Purdue, aliyepata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009, alizalisha mtama unaotoa kemikali hiyo kidogo sana, na kutokana na kazi hiyo Tanzania ilipitisha aina za Hakika na Wahi mwaka 2002. Ulizia kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Hombolo. Udongo wenye njaa ya fosforasi huufanya mzizi uite kiduha zaidi, kwa hiyo samadi ni sehemu ya tiba. Panda pia karanga, kunde au alizeti kwa zamu: mizizi yake huamsha mbegu za kiduha, zinaota, zinakosa pa kunyonya, zinakufa.

Chunguza tu samadi imetoka wapi. Ng'ombe akila kiduha chenye mbegu, mbegu hupita tumboni zikiwa hai. Samadi ya namna hiyo irundike, ilowe, ipate joto yenyewe na igeuzwe kwanza kabla ya kuipeleka shambani.