Kesi ya ndoa si kesi ya kufuli mlangoni

Kila mjadala huu ukizuka, redioni au vijiweni Kondele (Kisumu) na Kaptembwa (Nakuru), maswali mawili hupikwa chungu kimoja: kama Kenya ikubali ndoa za jinsia moja, na kama anayedhaniwa kuwa shoga au msagaji anaweza kufungiwa nyumba, kufutwa kazi au kufukuzwa kliniki. Swali la kwanza lina jibu tayari. Ibara ya 45(2) ya Katiba inazungumzia kuoana na mtu wa jinsia tofauti, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inataja mwanamume na mwanamke. Afrika Kusini ilihalalisha ndoa hizo mwaka 2006. Hapa kwetu hakuna msajili atakayekuandikisha.

(Mtu akikutajia mila ya Wanandi au Wakuria ya mwanamke kumuoa mwanamke mwenzake, ni kweli ipo, na Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua mwaka 2011 katika kesi ya urithi. Ila ile ni mila ya mama asiye na mtoto wa kiume kutafuta mrithi wa boma. Haisaidii upande wowote katika ugomvi huu.)

Swali la pili ndilo lenye njia. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji 3 dhidi ya 2, ilisema katazo la ubaguzi katika Ibara ya 27(4) linamkinga mtu pia kwa misingi ya mwelekeo wake wa kimapenzi. Peter Kaluma, mbunge wa Homa Bay Mjini, aliomba uamuzi huo upitiwe upya, na ombi likatupwa Septemba mwaka huohuo. Lakini vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyotumika dhidi ya ngono ya jinsia moja, vingali hai. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Kimoja kina kifungo cha hadi miaka 14, kingine miaka 5. Vyote vinaadhibu tendo. Mavazi, mwendo au rafiki anayekutembelea si kosa.

Ndiyo maana malalamiko mengi huharibika kwenye karatasi ya kwanza. Mtu anaandika barua ya kurasa tatu akieleza mapenzi yake, na karatasi hiyo hiyo inageuzwa ushahidi dhidi yake. Andika ulichotendewa: tarehe, saa, nani alisema nini, nani alisikia. "Alifunga mlango akisema hataki mashoga kwenye ploti yake" inatosha. Huna haja ya kuongeza kama alisema kweli.

Nyumba ndiyo huanza kuleta shida. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua mwezi mmoja, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya 2012. Kung'oa mabati, kukata stima au kuweka kufuli bila amri ya mahakama si haki, hata kama una deni. Kodi ikidaiwa, mwenye kushika mali ni dalali mwenye leseni. Ukikuta kufuli, usilivunje, maana hapo wewe ndiye utakayeshtakiwa. Piga picha kufuli na vyombo vilivyotupwa nje, tafuta jirani mmoja aliye tayari kuandika jina lake, kisha nenda kituoni uandikishe na uchukue nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Polisi watakuambia ni kesi ya madai. Sawa, wewe ulifuata nambari. Halafu angalia kodi yako: isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi inapelekwa Baraza la Kodi za Nyumba (Rent Restriction Tribunal), zaidi ya hapo ni kwa hakimu, ukiomba amri ya dharura ya kurudishwa. Wengi hupoteza wiki nzima kwa chifu, ambaye hana mamlaka ya kumfungulia mtu nyumba. Dipoziti iliyozuiwa unaweza kuidai katika Mahakama ya Madai Madogo, yenye kikomo cha shilingi milioni 1. Bila risiti au ujumbe wa M-Pesa wa kila mwezi, utahangaika.

Kazini shika miezi 3 na miaka 3: miezi 3 kupeleka lalamiko kwa afisa wa kazi, miaka 3 kufika Mahakama ya Ajira, iliyoko Kisumu na Nakuru pia. Usitie sahihi barua ya kujiuzulu uliyoandikiwa na mwajiri. Hiyo ndiyo inayoua kesi kuliko kitu kingine chochote.

Kliniki nayo: muuguzi akitangaza habari zako kwenye foleni, mwelekeo wa kimapenzi na hali ya afya ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Lalamiko kwa Kamishna wa Data linatakiwa kumalizwa ndani ya siku 90, wala huhitaji wakili.

Sasa wanyang'anyi, wanaokula watu kimyakimya. Mtindo ni ule ule: urafiki wa simu, mwaliko wa lojingi, kisha wanaume watatu wanaingia, wanashika simu yako na kutaka PIN. Baadaye zinafuata meseji: tuma elfu tano au tunampigia mamako. Ukituma, kesho wataitisha elfu kumi. Mkutane kwanza mahali penye watu, na mtu mmoja ajue ulipo. Likishatokea, zima ujumbe unaojifuta wenyewe, usimblock mtu kabla ya kuhifadhi mazungumzo yote, na tunza kila ujumbe wa M-Pesa wenye nambari yake ya muamala ya herufi na tarakimu 10. Kituoni taja kutishwa na kuitishwa pesa, au wizi wa mabavu kama walikuwa zaidi ya mmoja. Ukikamatwa wewe badala yao, una haki ya kunyamaza, kumpigia wakili na kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Asikubali mtu kupimwa njia ya haja kubwa kwa lazima: Mahakama ya Rufaa ilikataza hilo tarehe 22 Machi 2018. Askari akitaka hongo, peleka jina lake IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, wana ofisi Kisumu.

Picha za skrini peke yake hazitoshi kortini. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti: aina ya simu, ulivyozitoa na kuzichapisha, kwamba simu ilikuwa ikifanya kazi vizuri, na sahihi yako. Kwa hiyo simu hiyo usiiuze wala kuifuta kila kitu (reset) mpaka kesi iishe.