Ile ya polisi sio chumvi

Unauliza kama kwenye ile riwaya, ile sehemu ya polisi kugongea Wayahudi milango alfajiri pale Paris mwandishi katia chumvi, hapana ndugu yangu, ilitokea kweli, tarehe 16 na 17 Julai 1942, na waliogonga ni polisi wa Kifaransa wenyewe. Wajerumani waliokuwa wameikalia Ufaransa walidai watu, serikali ya Vichy, yaani ile ya Wafaransa iliyoshirikiana nao, ikatoa polisi. Walikamatwa kama 13,000 hivi, zaidi ya 4,000 ni watoto, na familia zikarundikwa kwenye ukumbi wa mashindano ya baiskeli, Vél d'Hiv, siku kadhaa kwenye joto la Julai, maji ya shida, vyoo havitoshi kabisa. Hapo ndo nilifunga kitabu nikaenda kukaa nje kwanza. Mhusika ni wa kubuni sawa, ila watoto kutenganishwa na mama zao kule kambi za Pithiviers na Beaune-la-Rolande, mama wakitangulizwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wajerumani kule Poland, hiyo nayo sio stori ya kutunga. Na dola lenyewe la Ufaransa lilikuja kukiri kosa 1995, Chirac akiwa rais, miaka 53 baadae!! We endelea tu, ila usisome usiku kama mimi.