Shangazi, hivi Mungu ananijua mimi kama mimi?

Barua yenyewe ni ndefu, nimeikata kidogo:

"Shangazi shikamoo. Naimba kwaya miaka mingi tu, sauti ya pili, mstari wa nyuma. Juzi kati niliumwa nikalala ndani wiki kadhaa na hakuna aliyepiga simu. Kuna usiku nilishindwa hata kunyanyuka kuchukua maji, nikalia mpaka kukakucha. Nimerudi kanisani dada wa mapokezi ananiambia karibu mgeni wetu, baadaye utasimama tukutambue. Nilicheka, ila nilipofika nyumbani nililia tena. Sasa kama watu ninaokaa nao hawanijui, Mungu mwenye watu mabilioni ananijua kweli, au nahesabiwa tu kwenye kundi? Nikiomba naona kama naongea na ukuta. Ni mimi, Niliyesahaulika."

Marahaba mwanangu, na pole, pole ya kuumwa na pole ya huyo dada wa mapokezi, najua hakuwa na nia mbaya lakini jamani, mtu umesimama pale mbele unaimba Jumapili zote hizo alafu unaitwa mgeni, inauma, na wala usijilazimishe kusema haikuuma.

Ila naona umechanganya vitu viwili, umechukua usahaulifu wa kwaya yako ukambambikia Mungu. Watu wanasahau, ndivyo walivyo, Yusufu kule gerezani alimfasiria mnyweshaji wa Farao ndoto yake vizuri kabisa, akamwomba kitu kimoja tu, ukitoka unikumbuke, yule bwana akatoka akarudishiwa kazi yake na akamsahau, ikapita miaka 2 mizima Yusufu yuko palepale ndani. Na Biblia inasema katika kipindi hichohicho Mungu alikuwa pamoja naye. Kwahiyo ukimya wa simu yako ni habari za wenye simu, haukuambii chochote kuhusu Mungu.

Nataka usome Mwanzo 16 ukiwa umetulia, ile ya Hajiri. Huyu alikuwa mjakazi wa Sarai mke wa Abramu, mjamzito, ametoroka mateso, kakaa jangwani penye chemchemi. Sasa angalia watu wanavyoongea kumhusu kwenye sura hiyo, Sarai anasema mjakazi wangu, Abramu anasema mjakazi wako, jina lake hawalitaji hata mara moja, yaani mtu amebeba mtoto wa Abramu tumboni na bado ni "mjakazi" tu. Wa kwanza kumwita Hajiri ni malaika wa Bwana, tena anamuuliza unatoka wapi na unakwenda wapi. Mimi hilo swali nalipenda mno, maana jibu alikuwa nalo tayari, si ndiyo kamfuata hukohuko, lakini akamwacha aseme mwenyewe. Na yeye ndiye akampa Mungu jina, Mungu anionaye, mjakazi huyo!

Sitakuficha lakini, baada ya hapo aliambiwa rudi kwa Sarai. Hakupewa nyumba yake wala Sarai hakubadilishwa usiku uleule. Nakuambia hivi kwa sababu kuna wahubiri watakuambia ukikumbukwa na Mungu basi kesho simu zitaita mfululizo, mimi siwezi kukuahidi hivyo. Hajiri alirudi kwenye mazingira yaleyale magumu ila akijua kuna aliyemwona, na ukinipa nichague kati ya kuonwa nikiwa kwenye shida na kutoonwa kabisa, mbona najua nitachagua nini.

Hilo la mabilioni nalo lisikutishe. Wewe unamwekea Mungu kichwa kama chetu, ndo maana unaona majina yatamzidi. Kwenye Mathayo 10 shomoro wawili wanauzwa senti moja, ukienda Luka 12 watano wanauzwa senti mbili, piga hesabu, huyo wa tano ametupiwa tu kama nyongeza, hana hata bei yake, na Yesu anasema hakuna hata mmoja anayesahauliwa mbele za Mungu. Mstari wa nyuma, sauti ya pili, nadhani umenielewa.

Na kuhusu ukuta. Sijui unaombaje, ila wengi wetu tukipiga magoti tunaanza kuongea kama tuko kwenye maikrofoni, tunakushukuru Baba, tunakuja mbele zako, nani hao "tunakuja" wakati uko peke yako chumbani? Leo mwambie habari ya ule usiku wa maji. Mwambie kikombe kilikuwa wapi na ulijaribu kunyanyuka mara ngapi, na kama unamlaumu mwambie hivyohivyo, Zaburi ya 13 inaanza na Daudi kuuliza utanisahau hata lini, na hakuna aliyeifuta. Anajua tayari ndiyo, lakini hata Hajiri aliulizwa. Unaweza usisikie chochote siku hiyo, usijihukumu, mwili uliotoka kuumwa unachoka hata kuhisi, na kama usingizi haurudi au kila siku unaamka na kilio, hilo mpelekee daktari pia, si kukosa imani.

Kingine, samahani nitakubana kidogo. Kwenye barua yako yote sijaona mahali ulipomwambia mtu kwamba unaumwa. Inawezekana wapo waliodhani umesafiri, wapo ambao hawakujali pia, tusidanganyane, lakini kujulikana na Mungu hakukupi ruhusa ya kujificha kwa watu alafu uwapime kama watakutafuta. Chagua mtu mmoja kwenye hiyo sauti ya pili, yule mnayeshikaga kitabu kimoja, mpigie wiki hii, usimtumie mesej maana atajibu "pole mpendwa" na mikono miwili ya maombi yataishia hapo, mpigie umwambie niliumwa sana na nilikuwa peke yangu, alafu nyamaza umsikilize.