Yule mcheza dansi wa Paris aliyekuja kuwa sista

SWALI: Mhariri, nimesikia kuna mcheza dansi wa Ufaransa enzi hizo alikuwa kimada wa matajiri halafu mwishoni eti akawa sista, ni kweli au stori za vijiweni tu?

JIBU: Kweli kabisa ndugu, huyo ni Liane de Pougy. Kazaliwa 1869 akiitwa Anne-Marie Chassaigne, akalelewa na masista, ana miaka 16 akaolewa na afisa wa jeshi la majini, ndoa ikamshinda (mume alimfumania na mwanaume mwingine akampiga risasi mkononi!) akakimbilia Paris kucheza Folies Bergère, ukumbi maarufu wa burudani, na kucheza kwenyewe hakuwa moto kihivyo, ila uzuri sasa! Mabwana wakammwagia vito. Wanasimulia kuwa siku moja kasino ya Monte Carlo, kule Monaco, mpinzani wake La Belle Otero, mcheza dansi mwenzake, kaingia anameremeta vito mwili mzima, Liane akaja na gauni jeupe bila hata hereni, nyuma yake dada wa kazi ndo kavaa vito vyote yeye! 1910 akaolewa na prinsi wa Romania, Georges Ghika. Mwanawe Marc, rubani, alikufa vitani 1914, msiba huo ndo ukamrudisha kwa Mungu taratibu. Akafia Lausanne 1950, anaitwa Sista Anne-Marie wa Wadominiko, shirika la watawa wa Kikatoliki.